A1 ya Uingereza ni barabara ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Peterborough, nafanya kazi kwenye ghala. Mdogo wangu amepata chuo Newcastle, nami nitakuwa nampelekea vitu kwa gari. Kila ninayemuuliza njia ananiambia nishike A1 tu, nisiiache. Nilipokwenda mara ya kwanza nikachanganyikiwa. Mara vibao vya kijani, mara vya bluu. Mara A1, mara A1(M). Namba za makutano zilifika 17, nikaendesha zaidi ya saa nzima bila kuona namba, halafu ikaja 34. Hii ni barabara moja au kadhaa? Na kweli inafika Scotland? Kazini kuna mzee mmoja Mwingereza anadai ni barabara ya Warumi. Nimwamini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. A1 ni namba moja iliyobebwa na barabara nyingi. Inaanzia katikati ya London, karibu na kanisa kuu la St Paul's, na kuishia katikati ya Edinburgh, mwendo wa takribani maili 410, yaani kilometa 660. Hakuna barabara yenye namba nchini Uingereza iliyo ndefu kuliko hiyo. Kwa hiyo ndiyo, inafika Scotland, na inaingia hadi mji mkuu wake. Lakini hakuna mhandisi aliyewahi kuketi na ramani akaichora yote kwa mkupuo. Imerithiwa vipande vipande, kila kipande na umri wake, na kila kizazi kimeihamishia namba ile kwenye njia iliyokuwa bora kwa wakati wake. Ukilishika hilo, vibao vyote ulivyoviona vitakuelea.

Ile M iliyo ndani ya mabano ni suala la sheria. Barabara za Uingereza zenye herufi A ni za watu wote. Lori, trekta, baiskeli, hata mpanda farasi ana haki ya kupita, isipokuwa pale palipowekwa katazo. Motowei ni kitu kingine. Sheria ya Barabara Maalumu ya mwaka 1949 iliipa serikali uwezo wa kujenga barabara kwa ajili ya aina fulani tu za vyombo, na wengine wakabaki nje: watembea kwa miguu, baiskeli, pikipiki ndogo zenye injini ya chini ya cc 50, na mashine nyingi za shamba. Hata anayejifunza udereva alikuwa haruhusiwi kabisa. Tangu 2018 anaruhusiwa, ila awe na mwalimu aliyeidhinishwa, ndani ya gari ambalo mwalimu naye ana pedali zake. Kipande chochote cha A1 kilichojengwa kwa hadhi hiyo, au kilichopandishwa baadaye, huandikwa A1(M) na vibao vyake ni bluu. Kikiisha, sheria za motowei zinaisha palepale, vibao vinarudi kijani, na A1 inaendelea na safari yake. Kikomo cha mwendo kwa gari dogo ni maili 70 kwa saa pande zote mbili za mpaka huo, ndiyo maana madereva wengi hawautambui. Hapo ndipo hatari ilipo, na nitakueleza nikifika kwenye safari yako.

Vipande vya motowei viko vinne. Cha kwanza kinaanzia South Mimms, A1 inapokutana na M25, hadi Baldock. Cha pili ni cha kwenu, Alconbury hadi Peterborough, kilichofunguliwa 1998. Cha tatu kinaizunguka Doncaster, kutoka Blyth. Cha nne ndicho kirefu kuliko vyote, kutoka Darrington, jirani na Ferrybridge, hadi Birtley, mlangoni mwa Gateshead. Makutano yamehesabiwa kana kwamba siku moja vyote vingeungana. Kipande cha kwanza kinaishia namba 10. Cha pili kinachukua 13 hadi 17. Cha tatu 34 hadi 38. Cha nne 40 hadi 65. Namba 11 na 12, zile za 18 hadi 33, na 39, hazina makutano. Nafasi zao zinasubiri barabara ambayo haijajengwa. Hata ndani ya kipande cha nne utakuta kimwanya: ukitoka 53, inayofuata ni 56. Kwa hiyo saa ile uliyoendesha bila kuona namba hukupotea njia hata kidogo.

Kwa nini mapengo hayajazibwa? Mwanzo wake ni uamuzi wa miaka ya 1950. Serikali ilipotaka kuiunganisha London na kaskazini kwa motowei, haikuipitisha juu ya A1. Iliipeleka magharibi zaidi, kwenye viwanda na watu wengi: Northampton, Leicester, Nottingham, Sheffield, Leeds. Hiyo ndiyo M1, ambayo kipande chake cha kwanza kirefu kilifunguliwa Novemba 1959. Fedha kubwa ikaenda huko. A1 ikapewa dawa ya bei nafuu, yaani barabara za mchepuko za kuyatoa malori katikati ya miji. Stamford ilipata mchepuko wake 1960, Doncaster 1961, Grantham na Stevenage 1962, Newark 1964, Darlington 1965, Baldock 1967, Durham 1969. Sasa tazama: michepuko ya Doncaster, Stevenage, Darlington, Baldock na Durham ilijengwa kama motowei tangu siku ya kwanza, ilhali ya Stamford, Grantham na Newark ilijengwa kama barabara kuu ya kawaida. Rangi za vibao unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni maamuzi ya miaka hiyo kumi, yaliyofanywa mji kwa mji.

Sababu ya pili haionekani ukiwa nyuma ya usukani. Ukiigeuza A1 kuwa motowei, unawafungia mlango wenye mashamba, nyumba na migahawa ambayo geti lake linafunguka moja kwa moja barabarani, na unawanyima njia wenye matrekta na baiskeli. Hao lazima uwajengee barabara nyingine pembeni. North Yorkshire walifanya hivyo hasa. Kipande cha Dishforth hadi Leeming kilikamilika 2012, cha Leeming hadi Barton kikakamilika 2018, na ubavuni pake ikawekwa barabara ya wenyeji ambayo sehemu yake kubwa ina namba A6055. Ni kulipia barabara mbili ili upate moja. Kati ya Peterborough na Blyth, zaidi ya kilometa 100, hakuna serikali iliyokubali kulipa bei hiyo.

Namba yenyewe ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1920, pale Wizara ya Uchukuzi ilipoamua kuzipa barabara majina ya tarakimu. Walisimama London na kuhesabu kwa mwelekeo wa mshale wa saa: A1 kwenda Edinburgh, A2 Dover, A3 Portsmouth, A4 Bath na Bristol, A5 Holyhead, A6 Carlisle. A7, A8 na A9 zikachomoza Edinburgh. Barabara nyingine zikapewa tarakimu ya kwanza kufuatana na pande la nchi zinakoanzia. Ndiyo sababu mashariki mwa A1 unakutana na A15, A16, A17 na A19, na ndiyo sababu ile A605 inayoingia Peterborough kutoka magharibi ina 6 mbele. Ukizoea mpango huu utaweza kubahatisha uko wapi hata simu ikizima.

Wizara haikubuni njia mpya. Iliibandika A1 juu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokuwa ikipitwa na magari ya farasi ya abiria na ya posta kwa karne nzima na zaidi. Ofisi Kuu ya Posta ilifunguliwa 1829 katika mtaa wa St Martin's Le Grand, London, na magari ya barua yalikuwa yakiondoka hapo kila usiku. A1 ya leo inaanzia mtaa huohuo. Upande wa Edinburgh inaishia mwisho wa mtaa wa Princes, hatua chache kutoka jengo lililokuwa posta kuu ya mji huo. Katika miaka ya 1830, kabla reli haijayaua, magari hayo yalikuwa yanatumia zaidi kidogo ya saa 40 kutoka mji mmoja hadi mwingine, usiku na mchana, yakibadilisha farasi kila baada ya maili chache kwenye nyumba za wageni. Baadhi ya nyumba hizo zingali wazi. Ukipata nafasi, ingia Stamford utazame hoteli ya George. Boriti lenye jina lake limevuka barabara yote juu ya vichwa vya wapita njia.

Tangu 1923 namba hiyo haikutulia. Kaskazini ya London iliondolewa Barnet ikahamia mchepuko wa magharibi, na njia ya zamani leo inaitwa A1000. Doncaster iliachwa na A638. Darlington na Durham ziliachwa na A167. Newcastle ndiko ilikohama zaidi. Kwanza ilivuka mto Tyne katikati ya mji, na kuanzia 1928 juu ya lile daraja maarufu la upinde wa chuma. Baadaye ikapelekwa mashariki kwenye handaki la Tyne, lililofunguliwa 1967. Mwaka 1990 ikahamishiwa magharibi, kwenye mchepuko mpya unaovukia Blaydon. Mtu aliyelala miaka 70 akaamka Gateshead na kuulizia A1 angeelekezwa pasipo na uhusiano wowote na pale alipoiacha.

Tumgeukie mzee wa kazini kwenu. Mwamini nusu. Warumi walijenga barabara kutoka London kwenda Lincoln na kisha York, ambayo Waingereza waliipa jina Ermine Street, na A1 imelala juu yake kwa sehemu kubwa kutoka jirani ya Alconbury hadi Colsterworth, kaskazini ya Stamford. Ushahidi uko mlangoni pako. Ukishapita Peterborough, kwenye kijiji cha Water Newton, mashamba unayoyaona kati ya barabara na mto Nene yamefunika mji wa Kirumi ulioitwa Durobrivae. Mwaka 1975 ilifukuliwa hapo hazina ya vyombo vya fedha vya ibada ya Kikristo vya karne ya 4, miongoni mwa vya zamani kabisa vinavyojulikana katika dola yote ya Kirumi. Viko British Museum. Watu wanapita hapo kwa mwendo wa maili 70 wakitafuta kituo cha mafuta.

Ukifika Colsterworth, Warumi wanakuaga. Wao walinyoosha kwenda Lincoln kupitia Ancaster, na njia yao leo ni barabara ndogo yenye namba B6403. A1 inapinda magharibi kuifuata miji ya soko iliyokuja kupata nguvu karne nyingi baadaye: Grantham, Newark, Retford. Sehemu hii si ya Warumi, na mzee wako akibisha mwonyeshe ramani. Utakutana nao tena Yorkshire, kaskazini ya Boroughbridge, kwenye barabara yao nyingine iitwayo Dere Street. Unyoofu wa njia kuelekea Leeming na Catterick ni wao. Barabara ilipokuwa inapanuliwa huko, wanaakiolojia walitangulia mbele ya matingatinga. Scotch Corner walipata makazi ya wenyeji waliokuwa wakifanya biashara na Warumi hata kabla jeshi halijalitwaa eneo hilo, kalibu za udongo za kuyeyushia vipande vya madini ya thamani, na sanamu ndogo ya kaharabu ya mwigizaji aliyejitanda toga. Kwa maoni yangu huo ndio mchango mkubwa kuliko wote wa mradi ule, kuliko hata hizo njia tatu kila upande.

Na kwa kuwa unaishi Peterborough, usivipuuze vijiji vya kusini yako. Mwaka 1663 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kutoza ushuru watumiaji wa barabara ili fedha zitengeneze barabara yenyewe, na mojawapo ya vizuizi vitatu vilivyopangwa ilikuwa Stilton. Kijiji hichohicho kina jina la jibini linalojulikana duniani. Liliuzwa kwa abiria wa magari ya farasi kwenye nyumba ya wageni ya Bell, jina likasafiri nao. Kichekesho ni kwamba leo sheria inaruhusu jibini hilo litengenezwe katika kaunti za Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire tu, na Stilton haiko katika hata moja. Kilometa chache kutoka hapo, Norman Cross, ilijengwa 1797 kambi kubwa ya mbao ya mateka wa vita vya Ufaransa, na mnara wenye tai juu yake unawakumbuka waliofia humo.

Haya, safari yenyewe. Kutoka kwako hadi Newcastle ni karibu maili 190, kilometa 300 hivi. Kusini ya kwako sitasema mengi, maana si njia yako. Jua tu kwamba ukienda London motowei inakatika Alconbury, unakutana na vipilefti vya Buckden, Sandy na Biggleswade, na katikati yake Black Cat, ambapo ujenzi wa makutano ya ngazi tatu ulianza 2023 ili barabara ya A421 na A1 zipishane bila kusimama, kama ilivyofanywa Ubungo, Dar es Salaam. Ndani ya London yenyewe A1 ni mtaa wa kawaida wenye taa na mabasi: Archway, Holloway, Islington. Wakazi wa Archway walipigania mtaa wao kwa miaka mingi dhidi ya mpango wa kuupanua, na mpango ukaachwa.

Kaskazini ya namba 17 ndipo ninapotaka uwe macho. Ni njia mbili kila upande, zimetenganishwa katikati, mwendo ni maili 70, na inafanana na motowei kwa kila kitu isipokuwa sheria na usalama. Bega la barabara halipo. Njia za kuingilia ni fupi mno: mtu anatoka kwenye kituo cha mafuta akiwa na mwendo wa maili 30 na anakuja mbele yako. Kuna matobo katikati ya barabara ambapo gari linaweza kusubiri kukata kulia, na kuna barabara za vijijini zinazogonga A1 kwa pembe kali. Trekta lina haki ya kuwa humo, si kosa lake. Mwishoni mwa muongo wa 2000 walifanya jambo jema: vipilefti sita vya kati ya Stamford na Blyth viliondolewa na mahali pake yakajengwa makutano yenye daraja, kwa hiyo kutoka kwako hadi Newcastle hutakutana na kipilefti hata kimoja. Lakini kuondoa vipilefti kuliongeza kasi bila kurefusha njia za kuingilia. Ukikaribia kituo au makutano, tazama kioo, na kama kulia kuko wazi hama mapema. Usiendeshe ukiwa umebanana na lori. Malori mengi yamefungiwa kidhibiti cha maili 56 kwa saa, na moja likiamua kulipita jingine foleni inajikusanya nyuma yao mpaka upoteze subira. Usipoteze.

Njiani humo kuna mambo ya kutazama, kama una mtu pembeni wa kukusimulia. Wittering, kambi ya jeshi la anga iko ubavuni mwa barabara. Karibu na Colsterworth ndipo alipozaliwa Isaac Newton. Grantham ni alikozaliwa Margaret Thatcher, na duka la baba yake lilikuwa kwenye barabara kuu ya zamani iliyokatiza mji. Markham Moor tazama kushoto na kulia utafute paa la zege lililopindwa pembe mbili zikaelekea angani. Lilijengwa miaka ya 1960 kufunika kituo cha mafuta, na tangu 2012 linalindwa kisheria kama jengo la kihistoria.

Blyth unaingia namba 34 na vibao vinakuwa bluu. Hicho ni kipande cha 1961, cha kwanza cha A1 kuwa motowei, na umri wake unaonekana: bado ni njia mbili tu kila upande, na malori yakitoka M18 kinajaa. Baada ya 38 bluu inakatika tena kwa maili chache. Hapo unapita bonde la Wentbridge juu ya daraja refu la zege. Nyimbo za zamani kabisa za Robin Hood, yule mnyang'anyi wa hekaya za Waingereza, zinamweka maeneo haya ya Barnsdale, si Sherwood kama watalii wanavyoambiwa, na kisima chenye jina lake kiko kando ya A1.

Kuanzia Darrington unaweza kupumua. Kutoka namba 40 hadi 65 motowei haikatiki. Ferrybridge unakutana na M62. Minara minane mikubwa ya kituo cha umeme iliyokuwa alama ya mahali hapo imebomolewa, kituo chenyewe kilifungwa 2016. Makutano namba 43, Hook Moor, ndipo M1 inapoingia, tangu 1999. Kuwa makini hapo, maana magari yote yaliyokwenda njia ya Leicester na Sheffield yanakumiminikia kwa pamoja. Wetherby, kwa jadi, ndiyo nusu ya njia kati ya London na Edinburgh. Dishforth, namba 49, kuna mgawanyiko unaowapoteza wengi. A168 inachepuka kwenda Thirsk na kuungana na A19, ambayo inafika mashariki ya Newcastle kwenye handaki la kulipia. Si njia mbaya, lakini wewe baki A1(M).

Scotch Corner, namba 53, ni mahali pa kupumzika na kunywa chai. A66 inatoka hapo kuvuka milima ya Pennines kwenda Penrith, ndiko waendako wa Glasgow. Wakati wa baridi tangazo la theluji likisema A66 imefungwa usishtuke, haikuhusu. Halafu Darlington, Durham, na juu ya kilima cha Gateshead utaliona sanamu la Malaika wa Kaskazini, kazi ya Antony Gormley ya 1998, urefu mita 20, mabawa mita 54. Ukiliona, motowei imekwisha. Vibao vinarudi kijani, ingawa namba za makutano zinaendelea kuhesabiwa, 66, 67, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Usidanganywe na namba, soma rangi.

Ukimpata mdogo wako na mkataka kwenda mbele hadi Scotland, A1 ya huko ni nyingine kabisa. Baada ya Morpeth kuna sehemu ndefu za njia moja kwenda na moja kurudi, kikomo maili 60, lori mbele na trekta mbele ya lori. Mpango wa kuipanua kutoka Morpeth hadi Ellingham ulipata kibali Mei 2024 na ukafutwa Oktoba mwaka huohuo katika bajeti ya serikali mpya. Watu wa Northumberland wana kila sababu ya kununa. Barabara hii ndiyo kiungo kikuu cha miji mikuu miwili upande wa mashariki, na watu wamekufa humo wakijaribu kupita. Mchepuko wa Berwick umekuwepo tangu 1983, na baada yake, Marshall Meadows, unavuka mpaka. Scotland lori kubwa haliruhusiwi kuzidi maili 40 kwa saa kwenye njia moja, wakati England ni 50, kwa hiyo panga muda zaidi kuliko simu inavyokuambia.

Kwa safari yako ya kawaida, jambo la mwisho ni kuingia mjini. Simu huenda ikakupeleka na A167 hadi Daraja la Tyne, yaani A1 ya zamani. Daraja hilo limo katika matengenezo makubwa yaliyoanza 2024, kwa lengo la kulifikisha likiwa zima kwenye miaka 100 yake mwaka 2028, na njia zake zimepunguzwa. Asubuhi na jioni utakaa humo mpaka ujute. Endelea na A1 mpaka uone vibao vya A184, ingia Gateshead, kisha ushike A189 uvukie daraja la Redheugh. Utatokea magharibi kidogo ya katikati ya mji, na maegesho upande huo ni rahisi kupata kuliko kule mtoni.